Mzee wa Baridi Ametia Dau

Mama alipostaafu umatroni, sisi watoto wake tulimnunulia keki, saa ya ukutani na sindano mbili za kufumia. Keki iliisha siku ile ile. Saa ilikufa baada ya mwezi. Sindano, kwa bahati yetu, zilikuwa za chuma.

Kwanza nikueleze habari za mama, maana bila kumjua huwezi kuupima ujinga wetu. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa matroni wa bweni la wasichana, shule yenye watoto mia tatu na kamba za kuanikia zisizotosha hata mia. Mahali kama hapo nguo haziibwi, zinahama. Soksi inaanikwa asubuhi na msichana mmoja, jioni inavaliwa na mwingine, na wote wawili wanaapa kwa kaburi la bibi. Mama akabuni dawa yake. Kila nguo iliyoingia bwenini aliitia alama ndani ya kola au ya mkanda, mishono midogo ya nyuzi za rangi mbili, kila mtoto na rangi zake. Rangi zote hizo alikuwa nazo kichwani. Kukitokea kesi anawapanga mstari, anageuza kola, anaangalia, kisha anasema, "Blauzi hii si yako." Kesi imekwisha. Hakuwahi kumpiga mtu. Alikuwa anakutazama tu, na watoto wa watu wakawa wanakumbuka dhambi za mwaka juzi.

Sisi tulikulia kwenye nyumba ya matroni, hatua thelathini kutoka bweni, tukiyaona haya kila wiki. Mtu angetarajia tulijifunza kitu.

Tupo watatu. Kaka mkubwa tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu anafanya kazi ofisi ya bima na hata akiomba chumvi utadhani anahutubia. Mimi nafuata. Ni karani wa chuo cha udereva, kazi yangu ni kuandika majina ya watu watakaokuja kugongana na wenzao. Kitinda mimba wetu ni fundi simu, mwenye kibanda na kiti cha mteja kisicho na mgongo. Sote tuna akili, alhamdulillahi, na kila mmoja analijua hilo.

Baba alifariki mwaka mmoja kabla mama hajastaafu. Basi alipokabidhi funguo za bweni alihamia nyumba ya vyumba viwili upande wa pili wa mji, akaweka kiti dirishani, akakaa. Miezi mitatu alikaa pale. Ukimpigia simu anasema, "Nipo." Ukienda unamkuta na gauni la jana na chai iliyoota utando, saa ukutani imesimama saa nne na yeye hajagundua. Mwanamke aliyekuwa akiamsha watu mia tatu kwa kengele alikuwa hajui leo ni siku gani. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, maji ya bomba yakimwagika ili mume wangu asisikie.

Daktari akasema hana ugonjwa, ila mikono yake haijazoea kukaa bure. Ndipo tukazikumbuka zile sindano. Mama akaanza kufuma, na wiki ya tatu akagombana na muuza maziwa kuhusu maji yaliyokuwa ndani ya maziwa. Tukajua amepona. Tukajua na jambo la pili, wala hatukuhitaji daktari kutuambia: mama akiacha kufuma, anarudi kwenye kile kiti. Nilikiogopa kile kiti kuliko kifo chenyewe.

Basi tukavumilia masweta.

Mji wetu una baridi ya wiki tatu kwa mwaka, na kati ya hizo moja ni ya kujidai tu. Mama alifuma kama tunaishi juu ya barafu. Katika rangi hana ubaguzi: zambarau inakaa na machungwa, kijani inakaa na maruni, na wote wanalazimishwa kupendana. Mkono wa kushoto daima ni mrefu kuliko wa kulia, kwa sababu, anasema, binadamu hakuumbwa sawa pande zote mbili. Ulikuwa ukipokea, unashukuru, unalivaa mpaka kona ya kwanza, unalivua. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nayo saba kabatini na mume wangu akaanza kuuliza nguo zake zimehamishiwa wapi.

Aliyeleta wazo la mnada ni Mheshimiwa. Alituita kwake, akafunga mlango wa sebule, akasimama.

"Hatuyauzi," alisema. "Tunayapa fursa."

Kitinda mimba akaeleza. Kuna mnada kwenye simu ambako watu huweka nguo wasizozitaka: unapiga picha, unaandika maelezo, unataja bei ya kuanzia, na wenye haja wanatia dau kwa siku tano. Anayeshinda anatumiwa kifurushi. Hakuna anayejua wewe ni nani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichotugusa.

Nikapewa kazi ya kuandika maelezo, kwa kuwa mimi ndiye karani. Nililipiga picha sweta la zambarau juu ya kitanda changu, mbele, nyuma, na kola nikaigeuza nje vizuri ili mnunuzi aone kazi ilivyo safi ndani. Nikaandika: "Kazi ya mkono, ya kipekee, haijawahi kuvaliwa." Maneno mawili ya mwisho yalikuwa ya kweli, ukiitoa ile safari ya mpaka kona ya kwanza.

Siku nne hakuna aliyebisha hodi. Kulikuwa na watu wanaogombania mkanda uliokatika, lakini sweta letu walilipita kama jirani mwenye madeni. Siku ya tano, saa moja kabla mnada haujafungwa, akatokea mtu anayejiita Mzee wa Baridi. Akatia dau, akashinda, akalipa, akatupa nyota tano.

Tulimcheka sana mzee wa watu. Mheshimiwa alisema ni mjane wa kiume anayeishi milimani. Mimi nikasema haoni vizuri. Sweta la pili, Mzee wa Baridi. La tatu, Mzee wa Baridi. La nne kitinda mimba akaona tunajipunja, akafungua akaunti nyingine kwa jina la Sufu Tamu, ikawa kazi yake kumpandishia mzee bei. Mzee akiweka kumi, Sufu Tamu anaweka kumi na mbili, mzee anaweka kumi na tano. Kitinda mimba aliita hiyo kuchangamsha soko. Watu wengine wangeiita wizi, lakini sisi tulisoma.

Sasa sikiliza jinsi tulivyogeuka watoto wema. Kabla ya mnada nilikuwa naenda kwa mama nikipata nafasi, na nafasi, kama ujuavyo, ni kitu adimu. Mheshimiwa alikuwa anatuma salamu. Lakini biashara inataka mali, na mali ilikuwa mapajani kwa mama. Nikaanza kumpigia simu kila Jumatano.

"Mama, lile la kijani limefika wapi?"

"Limefika kwapani."

"Basi Jumapili nitalifuata."

Na kweli Jumapili nilikuwa pale, na Mheshimiwa pale, na kitinda mimba amebeba mkate. Tunakunywa chai, mama anamsema muuza maziwa, tunacheka mpaka jioni, tunaondoka na sweta. Mama akanawiri. Akashona mapazia mapya. Kile kiti akakihamishia ukumbini, akakiwekea chungu cha maua. Nikiwa njiani kurudi nilikuwa najipongeza moyoni: mama ana furaha, mzee ana joto, sisi tuna hela ya mafuta ya gari. Nani kaumia?

Jambo moja nililiona nikalipita. Sweta la mwezi wa nane lilikuwa na zambarau ile ile ya sweta la kwanza, na uzi wake ulikuwa na mawimbimawimbi, kama nywele zilizofumuliwa.

"Mama, zambarau unaipenda kweli," nilimwambia.

"Ipoipo tu," akajibu, akaendelea kuhesabu vitanzi.

Mimi nikadhani mawimbi ndiyo fasheni.

Kisha tamaa ikafanya kazi yake. Mnada ulikuwa ukikata ada kila tukiuza, na Mheshimiwa akakokotoa akaona tunaibiwa. Akasema tumtafute mteja wetu, tumpe bei ya jumla, masweta kumi kwa mkupuo, mkataba wa mwaka. Tulimwandikia Mzee wa Baridi ujumbe mara tatu, hakujibu.

"Nenda wewe," Mheshimiwa akaniambia. "Mzee akiona mwanamke hataogopa."

Anwani ya vifurushi ilikuwa duka la daftari na kalamu, karibu na hospitali ya zamani. Jumamosi asubuhi nikaenda nimevaa suti ya ofisini, na sweta jipya la maruni ndani ya mfuko kama sampuli. Mwenye duka alinitazama.

"Mzee gani? Hivyo vifurushi anachukua mama mmoja mnene. Alikuwa mpishi wa shule, amestaafu. Nyumba ile ya geti la bluu."

Mpishi wa shule. Unaniona nilivyosimama pale na mfuko wangu. Mtu mwenye akili angegeuza njia. Mimi nikajiambia: labda mzee ni mumewe.

Geti akafungua mpishi mwenyewe, yule yule aliyetupakulia chakula utoto wetu wote na ambaye ni rafiki wa mama wa kufa na kuzikana. Alinitazama, akautazama mfuko, akashusha pumzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa. Mimi nilidhani mngefika tangu mwezi wa saba." Akageukia ndani. "Matroni, mwizi wako mmoja amekuja."

Kwenye ua wa nyuma kulikuwa na kamba tatu, na kwenye kamba hakukuwa na nguo. Kulikuwa na uzi. Uzi wa zambarau, wa kijani, wa machungwa, umezungushwa mizunguko mirefu, umefuliwa, na chini ya kila mzunguko limening'inizwa kopo lenye mchanga ili uzi ukauke umenyooka. Mezani palikuwa na sweta langu la wiki mbili nyuma, lile la kijani, limebaki mkono mmoja na nusu kifua. Na mama amekaa kwenye stuli, miwani puani, anaufumua huo mkono taratibu, anazungusha donge.

Hakushtuka. Mama hajawahi kushtuka tangu nimjue.

"Mikono yako ni safi?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nyoosha."

Nikanyoosha. Akanivisha mzunguko wa uzi kwenye viganja vyote viwili, akashika ncha, akaanza kuzungusha donge jipya. Ukishikishwa uzi hivyo huwezi kwenda popote. Huwezi hata kujikuna.

"Lile la kwanza nililitambua kabla sijavaa miwani," alisema. "Uliligeuza kola. Manjano na bluu. Wewe ni manjano na bluu tangu darasa la kwanza."

Miaka thelathini na sita, watoto mia tatu, na mimi ndiye niliyeigeuza kola kwa mkono wangu mwenyewe ili alama ionekane vizuri kwenye picha.

"Mama, mnadani ulifikaje?"

"Niliingia kutafuta uzi. Dukani ni ghali. Mpishi akaniambia wenye akili wananunua sweta kuukuu, wanalifumua. Nikaandika sweta, nikakuta kitanda chako."

"Kwa nini hukutuambia?"

Alizungusha donge kwanza, mizunguko kama kumi.

"Siku mbili nilikasirika. Nilitaka kuzitupa sindano jaani, muulize huyu. Nikasema, kumbe watoto wangu wananicheka." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ile ya kusema blauzi hii si yako. "Lakini nilikuwa nimeshalinunua. Siku ya tatu ukanipigia simu. Ilikuwa Jumatano. Tangu nihamie kule hujawahi kunipigia Jumatano. Ukaniuliza, mama, una lingine? Nikasema lipo. Jumapili ukaja, ukakaa mpaka jioni. Nikanunua na la pili. Mheshimiwa naye akaja, na alikuwa hajakanyaga kwangu miezi mitano."

Mpishi alikuwa anaosha vikombe, akaacha kuviosha.

"Nikaona basi," mama akasema. "Sweta likinunuliwa, mnakuja. Lisiponunuliwa, hamji. Nikawa nanunua."

"Mama, hiyo ni pensheni yako."

"Ndiyo. Wenzangu wananunulia dawa za usingizi." Akanyoosha uzi uliokwama kwenye kidole changu gumba. "Na Sufu Tamu ni nani kati yenu?"

Nikautazama uzi. Akanitazama. Nina miaka arobaini na moja, nina watoto wawili, nina mhuri wa ofisi.

"Kitinda mimba," nikasema.

"Mwambie mama yake anamsalimu. Sweta la machungwa alinipandishia mpaka nikakosa ya umeme. Nilikaa siku nne na mshumaa."

Hapo ndipo nilipolia. Si kulia kwa heshima, nililia vibaya, pua na macho, na mikono yote miwili iko juu imefungwa na zambarau. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kitu nilichokiogopa mwaka mzima ni mama kujua, akarudi kwenye kiti, na kumbe yeye alijua siku zote, na aliyekuwa akimzuia asirudi kwenye kiti ni yeye mwenyewe, kwa hela yake, na sisi tulikuwa tunamtoza. Mpishi akanipangusa uso na kitambaa cha vyombo kama anavyofuta meza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Kuambiwa methali ukiwa umefungwa mikono ni adhabu ya peke yake.

Mama akamaliza donge, akalitia kikapuni.

"Basi," alisema. "Uzi ni huu uliobaki. Nikiumaliza sitanunua tena, na nyinyi msiweke tena. Nimechoka."

Alisema nimechoka akitazama ukuta, na mimi nikakiona kile kiti, na chungu cha maua kikiondolewa juu yake.

"Nifumie mimi," nikasema.

"La kuuza?"

"La kuvaa."

Akasogeza miwani puani. Kisha akanishika mkono wa kushoto, akaupima kwa shibiri kutoka begani hadi kifundoni, akaupima na wa kulia.

"Njoo Jumapili nione kama linakukaa," akasema. "Litakuwa halijaisha."

"Nitakuja."

"Nimesema litakuwa halijaisha. Utarudi mikono mitupu."

"Nimesikia, mama. Nitakuja."

Alichukua ile sampuli ya maruni mfukoni mwangu, akatafuta ncha ya uzi kolani, akaanza kuvuta.

Mnada tuliufunga. Kitinda mimba alikwenda kulipa umeme wa mama wa mwaka mzima, akarudi macho mekundu akisema ni vumbi. Mheshimiwa alitangaza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na biashara ile. Alikuja Jumapili mbili, akahutubia, akashukuru kwa niaba ya familia, kisha akapata mikutano. Mama alimfumia soksi moja. Ya pili, alisema, ipo siku atakuja kuichukua.

Mimi huenda kila Jumapili. Wiki ya kwanza mkono wa kushoto wa sweta langu ulikuwa mfupi, mama akasema ataurefusha. Wiki ya pili ukawa mrefu mno, akasema ataupunguza. Wiki ya tatu alikuwa hapendi ilivyokaa rangi. Mwanamke huyu alikuwa anafuma sweta zima kwa siku sita, ninaye shahidi, ninazo nyota tano za mteja. Mkono mmoja sasa una miezi mitano. Jumapili iliyopita nilisahau mwavuli, nikarudi kuuchukua, nikamkuta ameshakaa chini ya taa anafumua kila alichokifuma tangu Jumatatu.

Nilirudi nyuma taratibu nikaenda zangu. Mvua ilinyesha, nikalowa chapachapa. Jumatano nilimpigia simu, nikamuuliza mkono umefika wapi.

"Bado," akasema mama.

Nikamwambia asiwe na haraka.